Nani Mwenye Siku Zako?

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa, huendi mbali kabla hujafika Kengeleni. Magari yanasongamana hapo tangu alfajiri, makondakta wanaita abiria, wachuuzi wanawahi soko la Kongowea. Maelfu ya watu hulitaja jina hilo kila siku, "nishushe Kengeleni," na wachache tu huinua macho kuitazama kengele yenyewe. Ipo bado, kando ya barabara. Waliitundika wamisionari wa Church Missionary Society, walioanzisha hapo makazi ya Freretown mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa waliletwa hapo waanze maisha mapya. Wazee wanasimulia kwamba kengele ilipigwa ili kuwatahadharisha watu kila walipoonekana wavamizi waliotaka kuwarudisha utumwani.

Lakini maisha ya misheni za zama zile yote yalikwenda kwa kengele. Kengele iliwaamsha watu, ikawaita kwenye sala, ikawapeleka darasani na kazini. Chombo kilekile kilichomwambia mtu kwamba hatachukuliwa tena, kilimwambia pia kwamba siku yake imekwisha kupangwa. Nimepita hapo mara nyingi mbiombio kama wengine, simu mkononi, nikihesabu dakika. Siku niliyosimama nikaitazama, nilijiuliza swali ambalo limenisumbua tangu hapo: siku za mtu zilianza lini kuhesabiwa na mwingine? Jibu lake ni historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetendeka kwetu, katika lugha yetu, na alama zake zimebaki katika maneno tunayoyatumia kila siku.

Watu wa pwani walikuwa na saa zao kabla ya kengele hiyo. Jua likichomoza hesabu inaanza: saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga kutimia, saa sita jua li utosini, saa kumi na mbili linazama. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hii haikumwangusha mtu. Adhana tano ziliigawa siku. Wiki ilihesabiwa kutoka Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi, siku ya kwanza baada yake, inaitwa hivyo. Mwaka uligawanywa na pepo: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Nahodha aliyengoja upepo alingoja miezi, wala hakuna aliyemwita mvivu.

Tusiipambe zamani hiyo, maana wengi waliojenga utajiri wake hawakuwa huru. Katika mashamba ya karafuu ya Zanzibar, desturi ilikuwa mtumwa amtumikie bwana siku tano, na Alhamisi na Ijumaa alime kishamba chake mwenyewe. Katika mashamba ya nafaka ya Malindi kazi ilipimwa kwa ngwe: mtu alionyeshwa kipande chake cha ardhi, na akikimaliza siku yake imekwisha. Siku mbili za wiki, na masalio ya mchana baada ya ngwe, vilikuwa mali pekee ya watu waliokuwa wenyewe ni mali ya wengine. Waliilinda mali hiyo kwa nguvu zote.

Mjini mambo yalikuwa na sura nyingine. Bandari ya Zanzibar na ile ya Mombasa zilihitaji watu wa kupakua majahazi, kubeba mizigo, kuchambua sandarusi. Mabwana waliwaacha watumwa wao wakaombe kazi hizo kwa siku. Aliyeajiriwa alipewa kijikaratasi, barua ndogo, ambacho jioni alikionyesha ili apate ujira wake. Karatasi iliitwa kibarua, na baada ya muda jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Sehemu ya ujira, aghalabu nusu, ilikwenda kwa bwana, iliyobaki ilikuwa yake. Tunaposema leo "nina kibarua kigumu mbele yangu," tunataja kijikaratasi kilichokuwa mkononi mwa mtumwa wa mjini.

Mtumwa huyo alikuwa na jambo ambalo mwenzake wa shambani hakuwa nalo. Mradi bwana alipata sehemu yake, kibarua aliweza kuchagua: leo anakwenda bandarini, kesho haendi. Hakuwa huru, lakini ndani ya utumwa aliupata mwanya, na mwanya huo haukuwa wa fedha. Ulikuwa wa siku.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwezi Aprili 1897, kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Maofisa wa Kiingereza walitazamia kwamba mtumwa aliyeachwa huru angegeuka mfanyakazi wa ujira, afike kila asubuhi na aondoke kila jioni, wiki baada ya wiki. Haikuwa hivyo. Walioachwa huru walitaka ardhi ya kupanda muhogo na mahindi, na walipohitaji fedha walikwenda kuzitafuta kwa siku walizozichagua wenyewe. Msimu wa karafuu walichuma na kulipwa kwa pishi, kisha wakarudi mashambani kwao. Ripoti za serikali zikajaa lawama: watu hawa ni wavivu, hawajui thamani ya wakati. Ukweli ni kwamba waliijua kuliko aliyeandika ripoti. Mtu aliyeishi akiwa na Alhamisi na Ijumaa tu hakuhitaji kufundishwa thamani ya Jumatatu.

Bara, watawala hawakungoja watu wachague. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika koloni lao, Tanganyika ya baadaye, rupia tatu kwa nyumba ya kawaida. Rupia haioti shambani. Ili uipate ilikubidi uuze mazao au uuze siku. Kisha, kuanzia 1902, wakati wa Gavana von Götzen, yakaja mashamba ya pamba ya kusini. Kila jumbe aliamriwa kufungua shamba la pamba, na watu wake walilime. Mpango uliosomwa ofisini ulitaja siku 28 kwa mwaka kwa kila mtu mzima. Porini siku hazikuwa 28. Tena pamba ilidai mikono wakati uleule mahindi, mpunga na mtama vilipokuwa vinaidai, nguruwe na nyani wakisubiri upande wa pili wa uzio. Malipo yalikuwa senti chache, na kuna mahali watu walikataa hata kuzipokea.

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliingia kwenye shamba la pamba wakang'oa miche. Ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji. Tunavisimulia, na ni haki, kama vita vya ardhi, heshima na uhuru, tukimkumbuka mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake ya maji. Lakini tazama walichokigusa kwanza. Kabla ya mkuki kurushwa waling'oa kile kilichokuwa kinakula siku zao. Vita vilidumu hadi 1907, na njaa iliyoletwa na majeshi yaliyochoma maghala na mashamba iliua watu wengi kuliko risasi.

Hata baada ya damu hiyo yote, hesabu ya siku haikuachwa, ila ilipewa karatasi mpya. Huko Usambara, kuanzia 1907, kila Mshambaa mwenye nguvu alipewa kadi iliyomtaka amfanyie kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Kila siku iliyotimizwa ilitiwa alama. Kibarua cha mjini kilikuwa karatasi ya kudai ujira. Kadi hii ilikuwa karatasi ya kudaiwa siku.

Waingereza waliendeleza palepale. Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 abebe kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, majina ya waajiri, ujira, tarehe ya kuingia kazini na ya kuruhusiwa kutoka, imefungiwa katika kijikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kuondoka bila mwajiri kuandika kwamba amekuruhusu kulikuwa kosa la kushtakiwa. Mwanaharakati Harry Thuku alisimama kukipinga, akakamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi. Muthoni Nyanjiru, aliyewatangulia wanawake kuwahimiza wanaume wasirudi nyuma, aliuawa hapo pamoja na wengine wengi.

Wakati huohuo, katika mashamba makubwa ya walowezi, tarakimu zilizidi kupanda. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota, yaani mtu aliyeruhusiwa kuishi na kulima katika shamba la mlowezi, atoe siku 180 za kazi kwa mwaka. Nusu ya mwaka ya mtu. Kufikia miaka ya 1940 halmashauri za walowezi zilikuwa zinadai siku 240, na mahali pengine 270. Zipange mstari tarakimu hizo: 28, 180, 240, 270. Kila mara aliyedai nyongeza alisema Mwafrika ana muda mwingi asioutumia. Hakuna aliyeuliza muda huo ulikuwa unafanya nini: ulikuwa unalima, unajenga, unaoza mabinti, unazika, unasuluhisha ugomvi wa mipaka, unalea.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro nako kulikuwa na kipande, cha namna nyingine. Wafanyakazi walioletwa kutoka mbali, Songea, Kigoma, hata Ruanda-Urundi, waliandikwa kwa namba, wakaitwa manamba. Kadi yao ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, nao walipewa siku 42 za kuzijaza. Asiyemaliza mgawo wake wa kukata mkonge hakutiwa alama; jasho lake la siku hiyo lilipotea. Lakini zile siku 12 za ziada zikawa mlango. Mtu alifanya kazi siku kadhaa akapumzika moja, akaugua, akamtembelea ndugu kambi ya jirani, akalima kijibustani. Manyapara walilalamika kwamba watu hawafiki kila siku. Watu walijua wanachokifanya: walikuwa wanazitawanya siku zao za uhuru katikati ya siku za kazi ili wasije wakamezwa.

Hapo ndipo tunaporudi Mombasa, maana hakuna mahali mvutano huu ulipoonekana wazi kama bandari ya Kilindini. Gati mbili za kwanza za kina kirefu zilifunguliwa 1926, na meli za nchi za nje zikaanza kutia nanga ubavuni mwa ghala. Kazi ya kuzipakua ilikuwa ya vibarua. Kabla ya zamu watu walikusanyika langoni, serahangi, yaani msimamizi, akachagua genge lake, wakaingia. Jioni walilipwa, na hakuna aliyefungwa na ahadi ya kesho.

Wengi wao walikuwa Wadigo, Warabai, Wagiriama, na wenyeji wa kisiwani, watu wenye mashamba ng'ambo ya maji, Likoni, Kisauni na kwingineko. Kwa kuwa ujira wa siku bandarini ulikuwa mzuri kuliko ule wa kazi za mwezi mjini, mtu aliweza kufanya zamu kadhaa, akapata fedha ya kodi, ya kanga na ya mafuta ya taa, kisha akavuka kwa feri kurudi kwenye minazi yake. Meli ikichelewa hakufa njaa. Mvua zikinyesha hakuonekana langoni. Alikuwa mtu wa bandari na hakuwa mali ya bandari. Watu hawa walikuwa wameligeuza neno kibarua, lililoanza na kijikaratasi cha mtumwa, likawa na maana ya mtu anayeweza kukataa.

Kwa wenye meli na serikali, huo ulikuwa ugonjwa. Mjini kulikuwa na maelfu ya watu wasiojulikana watafika au hawatafika. Walipogoma, kama walivyofanya katika miaka ya 1930 na hasa katika mgomo wa mwaka 1939, hawakuwa na cheo cha kunyang'anywa wala nyumba ya kampuni ya kufukuzwa. Tume ya Willan iliundwa kuchunguza mgomo huo, na nyaraka za serikali za miaka iliyofuata zikarudia hoja ileile: mji hautatulia mpaka kibarua aondoke na mahali pake pashikwe na mtu wa mwezi.

Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, reli, mahoteli na majumbani, waliacha kazi kwa siku 12. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa wenyewe jina la Kiwanja cha Maskini, wakasikiliza hotuba, wakakata mashauri pamoja. Chege Kibachia akawa sauti ya chama chao kipya cha wafanyakazi. Walidai mishahara iliyotosha kuishi, na usawa na wafanyakazi wa rangi nyingine. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, ndiye aliyekuja kuwashawishi warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa. Agosti mwaka uleule Kibachia alikamatwa, akahamishiwa Baringo, akakaa huko miaka kumi.

Serikali ilisikia madai ya fedha, ikayajibu kwa njia yake. Vibarua wa bandari waliandikishwa, kila mmoja akatakiwa kutimiza idadi maalumu ya zamu kila mwezi, na asiyetimiza akafutwa daftarini. Idadi ikapandishwa. Daftari likapunguzwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kibarua wa zamani alikuwa anatoweka Kilindini. Kazi ilikuwa ya watu wa kudumu. Nao walipata mambo ya maana: chama cha wafanyakazi wa bandari chenye nguvu, nyongeza kubwa ya mshahara ambayo Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliipigania mwaka 1955, uhakika wa mwisho wa mwezi. Sitawabeza. Wengi waliutaka uhakika huo, na mwenye watoto shuleni anajua sababu. Ila bei yake haikuandikwa kwenye hati yoyote. Walikuwa wamelipa kwa siku walizokuwa wakizichagua.

Hapa lazima niseme jambo ambalo masimulizi ya bandari hulificha. Kibarua aliyevuka kurudi shambani alikuta shamba limepaliliwa. Nani alipalilia? Alikuta maji mtungini, muhogo umemenywa, watoto wameogeshwa. Uhuru wake wa kuchagua siku ulisimama juu ya mgongo wa mtu ambaye hakuchagua hata moja. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lililisema jambo hili waziwazi: wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, bila kujali Jumapili wala sikukuu, huku wanaume wengi wakiwa likizoni nusu ya maisha yao. Serikali zetu mpya zilikuwa zimeingia na wito wa kazi, Uhuru na Kazi Tanganyika, Harambee Kenya, na wito huo ulikuwa wa lazima kwa nchi changa. Lakini siku za mwanamke wa kijijini hazikuwahi kuwa na kijikaratasi. Hakuna aliyezitia alama, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba zimechukuliwa zote.

Naliweka hilo mbele kwa sababu ndilo linalonionyesha hali yetu ya leo. Manamba alijua idadi: 30 katika 42. Skwota alijua 180, na akajua zilipoongezwa. Ukijua hesabu unajua ulichoibiwa, na unaweza kusema hapana. Kwetu sisi wa ofisini, wa dukani, wa pikipiki inayongoja wito kwenye simu, hesabu imefutika. Ujumbe wa kazi unaingia saa nne usiku, tunaujibu kitandani. Jumapili mkutano unafanyika kupitia simu, mtoto akivuta shati. Kazi haina tena ngwe ambayo ukiimaliza unafuta jembe na kwenda zako. Tunafanana zaidi na yule mama wa kijijini kuliko na kibarua wa Kilindini, na mama huyo angetushangaa kuona tumeingia katika hali hiyo tukijisifu. Mtu akiuliza hali, tunajibu "niko bize," kama anayetaja cheo.

Lugha yetu iliona mbali. Kupumzika ni kupata pumzi. Asiyepumzika amenyimwa hewa. Tukikosa wakati tunasema hatuna nafasi, na neno hilo limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu ulioleta nafsi. Anayekwambia kila siku kwamba hana nafasi anakukaribia sana kukwambia jambo jingine.

Sisemi turudi kwenye minazi ya Likoni. Wengi wetu hatuna minazi. Nasema tujifunze kutoka kwa watu waliokuwa na kidogo kuliko sisi na wakakilinda kuliko sisi. Wao walitaka mpaka uwe wazi: hii ni siku yako, hii ni yangu. Katika nyumba yangu tumeanza na kitu kidogo. Baada ya Isha simu zinawekwa juu ya kabati, na vyombo tunaviosha kwa zamu, ili jioni isiwe mapumziko ya watu watatu na kazi ya mmoja. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Sasa kuna mazungumzo.

Juzi nilipita tena Kengeleni. Msongamano ulikuwa uleule, na kengele ilikuwa kimya mahali pake. Niliikumbuka kazi yake ya kwanza, kabla ya ile ya kuwapanga watu foleni za kwenda kazini. Ilipigwa ili mtu aliyezama katika shughuli zake ainue kichwa, ajue kwamba kuna anayekuja kumchukua.